Shajara ya mradi: kuipasua 2^256 + 1

Namba yenyewe ni hii, imeandikwa kwa makundi ya tarakimu tatu tatu ili macho yasipotee njiani:

115,792,089,237,316,195,423,570,985,008,687,907,853,269,984,665,640,564,039,457,584,007,913,129,639,937

Ni mbili kwa kipeo cha 256, ukaongeza moja. Kipeo tumekitoa kwenye simu: kila namba ya Uganda ikipigwa kutoka nje ya nchi hutanguliwa na +256, na 256 ni 2 kwa kipeo cha 8. Kwa hiyo namba yetu ina umbo la 2^(2^n) + 1 pale n ikiwa 8. Namba za umbo hilo huitwa za Fermat, na hii ni F8. Mwaka 1640 mwanahisabati Fermat alidhani zote ni tasa. Tano za kwanza ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Inayofuata, F5 = 4,294,967,297, Euler aliipasua mwaka 1732 akaonyesha inagawanyika kwa 641.

Kazi tuliyojipa hapa Jinja ni tatu kwa mfuatano: kupata tarakimu zote bila kosa, kujua kama F8 ni tasa, na ikiwa si tasa kuvitoa vigawo vyake. Vifaa: laptopu mbili kuukuu zenye lugha ya programu Python 3, moja ikiwa pia na Pari/GP (programu ya hesabu za namba), ubao, karatasi za manila na daftari za miraba. Jibu linajulikana tangu mwaka 1980. Tumekubaliana kutolitazama mpaka letu litoke, kisha ndipo tulinganishe.

Kikao cha 1: tarakimu kwa mkono

Njia fupi ni kuzidisha namba kwa yenyewe mara nane ukianzia 2: unapata 4, 16, 256, 65,536, kisha 4,294,967,296, kisha 18,446,744,073,709,551,616, kisha 2^128 ambayo ni

340,282,366,920,938,463,463,374,607,431,768,211,456

Hatua ya mwisho ndiyo nzito. 2^128 ina tarakimu 39, yaani makundi 13 ya tatu tatu. Ukizidisha kundi kwa kundi bila mpango utafanya mazao 169. Lakini namba inazidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo kundi la 3 kwa la 8 ni sawasawa na la 8 kwa la 3. Fanya kila jozi mara moja na uiongeze mara mbili: vipeo vya pili 13 na jozi 78, jumla mazao 91. Tuliyagawa kwa watu, kila mtu safu zake, na kila zao likakaguliwa na mtu wa pili kabla halijapanda kwenye manila.

Kosa lililotokea halikuwa la kuzidisha. Makundi 089, 008, 039 na 007 yaliandikwa 89, 8, 39 na 7. Sifuri sita zikapotea, namba ikawa na tarakimu 72 badala ya 78. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kupima kwa 9, yaani kulinganisha baki la kugawa kwa 9, hakukuliona kosa hilo, kwa sababu sifuri haiongezi kitu kwenye jumla ya tarakimu. Sasa utaratibu wetu ni kuhesabu tarakimu kwanza, kisha vipimo vitatu:

Kwa 9: jumla ya tarakimu ni 377, baki 8. Linalotarajiwa: 2^6 = 64 huacha baki 1 kwa 9, na 256 = 6 × 42 + 4, kwa hiyo 2^256 + 1 huacha sawa na 16 + 1 = 17, yaani 8. Sawa.

Kwa 999: jumlisha makundi yenyewe. Tulipata 13,004, na 13 + 4 = 17. Linalotarajiwa: 2^36 huacha baki 1 kwa 999, na 256 = 36 × 7 + 4, hivyo tena 16 + 1 = 17. Sawa.

Kwa 1001: anza kundi la kulia, toa linalofuata, ongeza linalofuata, hivyo hivyo hadi mwisho. Tulipata −1,530, ambayo ukiiongezea 2,002 ni 472. Linalotarajiwa: 2^60 huacha baki 1 kwa 1001, 256 = 240 + 16, na 2^16 + 1 = 65,537 huacha 472. Sawa.

Vipimo hivi haviko sawa kwa nguvu. Ukibadilishana tarakimu mbili jirani ndani ya kundi, 9 hainusi kitu ila 999 inaliona. Ukibadilishana makundi mawili jirani, 999 inapitisha lakini 1001 inakataa, kwa kuwa ishara zimegeuka. Ndiyo maana tunavitumia pamoja.

Kikao cha 2: kompyuta inapojibu swali jingine

Kompyuta haikukosea hata mara moja, iliulizwa visivyo. Mtu aliandika kwenye Python 2^256+1 akapata 259, na programu ya kutafuta vigawo ikatangaza kwa furaha 7 × 37. Kwenye Python alama ^ si kipeo. Hulinganisha biti za namba mbili na kuweka 1 pale zinapotofautiana, tena kujumlisha hutangulia, kwa hiyo ilichofanya ni kulinganisha 2 na 257. Kipeo ni nyota mbili: 2**256 + 1. Kwenye Pari/GP alama ^ ni kipeo kweli, na kosa lilitokana na kuhamisha mstari kutoka laptopu moja kwenda nyingine.

La pili ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani. Ukiandika 2.0**256 + 1, ile nukta inaigeuza namba kuwa ya desimali yenye biti 53 tu za usahihi. 2^256 yenyewe inahifadhika kamili kwa kuwa ni kipeo cha 2, lakini ile moja iliyoongezwa inayeyuka. Unabaki na namba shufwa ambayo vigawo vyake ni 2 peke yake. Jedwali la kompyuta nalo huonyesha 1.15792089237316E+77, tarakimu 15 za mwanzo basi. Vilevile kugawa kwa mkwaju mmoja huleta desimali. Tumia // kila mahali.

Kikao cha 3: je, ni tasa?

Kipimo ambacho wengi wetu tulikijua ni hiki: namba N ikiwa tasa, basi 2 kwa kipeo cha N − 1 huacha baki 1 ukigawa kwa N. Tuliendesha pow(2, F-1, F), ambayo kwenye Python hutoa baki la kipeo hicho kwa F (F ni F8), na jibu likawa 1. Baadhi ya watu walitaka kufunga daftari hapo.

Kipimo hicho hakina maana yoyote kwa namba za Fermat. Angalia: kwa baki la F8, yaani ukitazama tu kinachobaki baada ya kugawa kwa F8, 2^256 ni sawa na −1, kwa sababu 2^256 + 1 ndiyo F8 yenyewe. Basi 2^512 ni 1. Na F8 − 1 ni 2^256, ambayo ni kigawe cha 512. Jibu litakuwa 1 hata kama F8 ina vigawo mia. Toleo kali zaidi la kipimo hicho, lile la Miller na Rabin, nalo hudanganywa na 2 kwa sababu ile ile. Msingi, yaani ile 2, ubadilishwe.

Kipimo kinachofaa ni cha Pépin: chukua 3 kwa kipeo cha (F8 − 1)/2. Baki likiwa −1, yaani F8 − 1, namba ni tasa. Likiwa kingine chochote, si tasa. Hakuna labda. Kwa kuwa (F8 − 1)/2 = 2^255, kazi ni kuzidisha kwa yenyewe mara 255, kila mara ukibakisha baki tu. Mstari ni pow(3, (F-1)//2, F), na jibu huja kabla hujainua kidole. Usiandike 3**((F-1)//2) % F. Hapo unaiagiza mashine iandike kwanza 3^(2^255) nzima, namba ambayo tarakimu zake hazitoshei kwenye kumbukumbu ya kompyuta yoyote duniani. Laptopu ilikwama mpaka ikazimwa kwa kitufe.

Baki halikuwa −1. F8 si tasa.

Hili Morehead na Western walilijua mwaka 1909, kwa kalamu na karatasi, kwa kipimo hiki hiki. Lakini ona kipimo kinasema nini na kinanyamaza wapi: kinathibitisha kwamba vigawo vipo, na hakikupi hata kimoja. Kutoka 1909 hadi 1980 ni miaka 71 ambayo dunia ilijua kwamba F8 inapasuka bila mtu kujua inapasukia wapi. Kwangu huu ndio uhondo wa namba hii.

Kikao cha 4: umbo la vigawo

Kabla ya kutafuta, punguza pa kutafutia. Tuseme p ni kigawo tasa cha F8. Kwa baki la p, 2^256 ni −1 na 2^512 ni 1. Kwa hiyo duara la vipeo vya 2, yaani idadi ya hatua hadi baki lirudi kuwa 1, lina urefu wa 512 kamili: lingekuwa fupi zaidi, lingekuwa kigawo cha 256, na 2^256 ingekuwa 1 badala ya −1. Urefu wa duara lazima uigawe p − 1, hivyo p = 512k + 1. Lucas aliongeza hatua moja mwaka 1878: p ya umbo hilo ikigawanywa kwa 8 huacha 1, na kwa namba tasa kama hizo 2 ni kipeo cha pili cha namba fulani, namba hiyo ina duara la 1024. Basi p = 1024k + 1.

Programu tuliijaribu kwanza kwa ndugu wadogo. F5 hutumia 128k + 1, ikatoa k = 5, yaani 641. F6 hutumia 256k + 1, ikatoa k = 1,071, yaani 274,177. Programu isiyozipata hizi mbili isipewe F8.

Kwa F8 tuliiachia ikimbie, ikihifadhi k kwenye faili kila baada ya milioni kumi, maana umeme ukikatika na betri hizi zilivyo, unaanza upya. Haikupata kitu. Leo tunajua kwa nini: kigawo kidogo kiko kwenye k = 1,209,889,024,954. Kwa kasi ya k 100,000 kwa sekunde hizo ni siku 140 usiku na mchana. Lugha yenye kasi zaidi ingepunguza, lakini tuliamua kubadili njia badala ya kusubiri.

Kikao cha 5 na cha 6: njia ya Pollard

Wazo lake ni zuri mno. Chukua namba x, ipitishe kwenye kanuni, tokeo lipitishe tena, endelea. Kwa baki la p, ambalo hulioni lakini lipo, mfuatano huo lazima ujirudie, na hujirudia baada ya hatua kama kipeuo cha pili cha p. Ukiwa na mbio mbili, x akienda hatua moja na y hatua mbili, siku moja wanakutana kwa baki la p. Siku hiyo x − y inagawanyika kwa p, na kigawo kikubwa cha shirika, KKS, cha x − y na F8 kinakutolea p mkononi.

Kanuni ya kawaida ni x² + 1. Kipeuo cha pili cha p yetu ni kama milioni 35, na hatua zote hizo kwa Python ni saa nyingi. Hapa ndipo umbo la 1024k + 1 linalipa. Tumia x^1024 + 1. Kwa baki la p, vipeo vya 1024 havitapakai kote. Thamani zake tofauti, ukiacha sifuri, ni (p − 1)/1024, yaani ile k: kama trilioni 1.2. Kipeuo chake cha pili ni milioni 1.1. Kila hatua inagharimu kuzidisha kwa yenyewe mara 10 badala ya mara moja, hivyo kazi ni kama milioni 11 badala ya milioni 35 kwa kila mbio. Brent na Pollard, walioipasua F8 mwaka 1980, walitumia ujanja huu huu, kwenye mashine ya Univac 1100/42, wakamaliza kwa saa 2.

Mambo matatu yalitukwamisha.

Kwanza, tulianza na x = 2, kwa mazoea. KKS ikatoka F8 nzima kwenye hatua ya kwanza. Sababu: 2^512 ni 1, kwa hiyo 2^1024 ni 1, na 1 + 1 = 2. Kanuni inairudisha 2 ilipotoka, x na y wamesimama pamoja, tofauti yao ni sifuri, na KKS ya sifuri na F8 ni F8. Anza na 3.

Pili, KKS kila hatua inakula muda kuliko hatua zenyewe. Dawa ni kuzidisha tofauti nyingi pamoja kwa baki la F8, kisha KKS moja kwa fungu zima. Fungu la 1,000 linafaa kwa F8. Tulipoirudisha programu kwenye F5 kama jaribio, fungu hilo hilo likatoa F5 yenyewe. Vigawo vya F5 ni 641 na 6,700,417. Thamani za kanuni upande wa pili ni 52,347 tu, kipeuo chake 229, kwa hiyo vyote viwili vinanaswa ndani ya fungu moja na KKS haiwezi kuvitenganisha. Namba ndogo zipewe fungu la 1, au programu irudi nyuma mwanzo wa fungu na kwenda hatua kwa hatua.

Tatu, mtu aliandika x**1024 % F. Jibu ni sahihi lakini hujenga namba yenye makumi ya maelfu ya tarakimu kila hatua. Ni pow(x, 1024, F) + 1.

Baada ya marekebisho, kwenye laptopu ile ile kuukuu, kabla chai haijapoa:

p = 1,238,926,361,552,897

Na F8 // p, bila baki:

93,461,639,715,357,977,769,163,558,199,606,896,584,051,237,541,638,188,580,280,321

Tarakimu 16 na tarakimu 62.

Kikao cha 7: ukaguzi

Kompyuta iliyotoa jibu haikubaliwi kuwa shahidi pekee. Tulirudi kwenye ubao. Kwa 1001, p huacha 17 (897 − 552 + 361 − 926 + 238 − 1). Kigawo kikubwa, kile cha tarakimu 62, huacha 911, yaani −90. Na 17 × −90 = −1,530, ile ile namba ya kikao cha 1, kabla hata ya kuongeza 2,002. Kwa 999, p ni −22 na kikubwa ni −137; zao ni 3,014, ukitoa 2,997 inabaki 17. Ilikubali.

p − 1 tuliigawa kwa 2 mara nyingi iwezekanavyo: p = 604,944,512,477 × 2^11 + 1. Kipeo ni 11, kimoja zaidi ya alichotuahidi Lucas.

Je, kile cha tarakimu 62 kinapasuka tena? Miller na Rabin kwa misingi kadhaa, bila 2, ilisema huenda ni tasa. "Huenda" haitoshi kwenye shajara; isprime ya Pari/GP hutoa uthibitisho kamili, nayo ilisema 1. p pia ni tasa. Kazi imefungwa: F8 ni zao la namba tasa mbili, basi.

Jirani yake wa chini, 2^256 − 1, ni hadithi tofauti kabisa. Ni zao la F0 hadi F7 zote, na ukizivunja F5, F6 na F7 unapata namba tasa 11 zisizojirudia. Namba mbili zinapishana kwa 2, moja imejaa milango, nyingine ilisimama imara miaka 71.

Kwa ajili ya kukariri p, Brent na Pollard walitunga sentensi ya Kiingereza ambayo idadi ya herufi za kila neno ni tarakimu moja. Tumetunga ya Kiswahili. Shida ilikuwa tarakimu 1, kwa kuwa maneno yetu ya herufi moja ni haba. "E" ya kuita ikatuokoa mara mbili:

E! Ni kwa hisabati imepasuka na miamba ile mizito, e ndugu zangu, ni tarakimu zisizojua kuchoka.

Hesabu: 1 2 3 8 9 2 6 3 6 1 5 5 2 8 9 7.

Kinachofuata

F7 ni ndogo kuliko F8, tarakimu 39, na wengi walidhani itakuwa mteremko. Sivyo kwa njia hii. Kigawo chake kidogo ni 59,649,589,127,497,217, karibu mara 48 ya p yetu, na njia ya Pollard hujali ukubwa wa kigawo kidogo, haijali ukubwa wa namba. Kwa x² + 1 hatua zinakuwa karibu mara 7. Tumeiandaa kwa x^512 + 1 na hifadhi ya x na y kwenye faili kila fungu.

F9 ina tarakimu 155, na tumeshaijaribu kwa 2048k + 1, ile programu ya kikao cha 4 bila kubadili zaidi ya mistari miwili. Ilisimama kwenye k = 1,184 papo hapo: 2,424,833. Kilichobaki baada ya kuigawa kina tarakimu 148, na hicho kilipasuka mwaka 1990 tu, kwa njia ambayo laptopu zetu hazijaifikia. Manila yake imeshabandikwa ukutani, makundi 50, na sifuri za mbele zimeandikwa kwa wino mwekundu.